Kuhamisha tangi la samaki wa Ziwa Tanganyika hadi mtaa wa pili: nianzie wapi?

Mkazi wa Ilala

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Mwisho wa mwezi huu familia yangu inahama kutoka ghorofa ya pili tunakoishi hapa Ilala kwenda nyumba ya chini iliyoko mtaa wa nyuma, umbali wa mita 400 hivi. Makochi na vitanda havinisumbui, ila tangi la samaki linaninyima usingizi. Lina urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kimo cha 50, na kioo chake ni cha milimita 8. Chini kuna mchanga wa kina cha sentimita 5, na juu yake mawe mengi yaliyopangwa kama mapango. Wanaoishi humo ni ukoo mzima wa Neolamprologus multifasciatus, wale samaki wadogo wanaojificha ndani ya magamba ya konokono, pamoja na jozi ya Julidochromis, samaki wembamba wanaokaa kwenye mapango ya mawe, na gogogo wanne wa aina ndogo ya madoadoa. Kichujio ni cha nje, kile cha mtungi, na humo ndani kuna sponji moja inayoendeshwa na pampu ya hewa.

Nilichokuwa nimepanga ni kupunguza maji hadi yabaki sentimita 10, samaki wabaki humo humo, kisha vijana wanne wanisaidie kulishusha tangi ngazini na kulipakia kwenye guta, kwa kuwa safari yenyewe haifiki hata robo saa. Jirani yangu ananishauri kinyume chake, kwamba nitumie nafasi hii kuosha kila kitu, mchanga, mawe na kichujio, na kujaza maji mapya kabisa. Jambo jingine ni kwamba hapa tunatumia maji ya bomba ya DAWASA, na huko tunakokwenda wanatumia maji ya kisima kirefu. Naomba mwenye uzoefu anieleze lipi ni salama kwa samaki.

Fundi Vioo wa Kariakoo

Ndugu yangu, nitazungumzia kioo tu, ya samaki nawaachia wanaowajua. Usithubutu kuliinua tangi hilo likiwa na maji, hata kama ni kidogo. Tupige hesabu pamoja. Kioo cha milimita 8 kwa vipimo ulivyotaja, bila mfuniko, kina uzito wa kilo 36 hivi. Maji ya kina cha sentimita 10 kwenye kitako cha sentimita 100 kwa 40 ni lita 40, nazo ni kilo 40. Ongeza mchanga, ambao hauwezi kupungua kilo 30, na hapo vijana wako wanabeba zaidi ya kilo 100 zenye kingo zinazoteleza, tena kwenye ngazi.

Hata hivyo uzito si tatizo kubwa kuliko yote. Tangi likiwa juu ya stendi, kitako chake kimeegemea sehemu zote na kioo hakipindi. Mkilishika kwenye ncha mbili na kuliinua, uzito wote wa katikati unaning’inia kwenye kioo cha chini, na gundi ya silikoni kwenye maungio inavutwa upande ambao haikuwekwa kuvutwa. Mkianza kushuka ngazi, tangi linainama, maji yanakimbilia kwenye kona ya chini, na aliyeshika upande huo anajikuta amebeba karibu mzigo mzima. Kioo kinaweza kufika salama kabisa kwa macho, kisha baada ya wiki maungio yakaanza kutoa tone moja moja usiku.

Kwa hiyo litoe maji yote, mawe yote na mchanga wote. Likiwa tupu, watu wawili wanatosha kulibeba, wakilishika kwa chini na si kwa vile vipande vya kioo vilivyogundishwa juu, kwa sababu vile viliwekwa kuzuia kuta zisitanuke na havikuwekwa kuwa vishikio. Kwenye guta liweke juu ya godoro, likae kwa kitako chake, na mtu atembee pembeni akilishika, kwa maana matuta ya mitaani hayana huruma. Ni bora zaidi kwa mita 400 mkalibeba kwa mikono na kupumzika njiani.

Huko unakokwenda, peleka stendi kwanza na uipime kwa pima maji, kwa urefu na kwa upana pia. Kama sakafu imeinama, weka vipande chini ya miguu ya stendi na si kati ya kioo na stendi. Chini ya kioo weka shiti ya foamu inayofunika kitako chote, kwa sababu chembe moja tu ya changarawe iliyobanwa hapo inatosha kupasua kioo siku tangi litakapojaa. Wakati wa kujaza, tandaza gazeti kavu kuzunguka kitako, uende hadi nusu, usubiri kidogo huku ukiliangalia gazeti, ndipo umalizie.

Mfugaji wa Kigoma

Namuunga mkono fundi kwa kila alichosema, na nitaongeza kwamba samaki pia hawafaidiki kwa kubaki ndani ya tangi. Mawe yakitikisika yanaanguka juu yao, na maji machache yanayosukwasukwa juu ya mchanga yanageuka tope, nalo tope hilo ni mabaki ya chakula na kinyesi cha miezi mingi. Ushauri wa jirani yako una hatari zaidi kuliko wa kwako, na nitaeleza sababu yake baadaye kidogo. Kwanza nieleze mpangilio wa siku yenyewe, kwa sababu kazi hii inaharibika pale inapofanywa kwa kurudi nyuma.

Acha kuwalisha samaki tangu siku mbili kabla ya kuhama. Samaki mwenye afya hadhuriki kwa kukosa chakula muda huo, na tumbo likiwa tupu hatachafua maji ya ndoo. Siku ya kuhama, kabla hujagusa jiwe hata moja, zima umeme wa vifaa vyote na uvute maji safi ya juu kwa mpira, uyajaze kwenye ndoo zenye mifuniko. Ukianza kwa kung’oa mawe, uchafu wote unapanda juu na hutapata tena maji safi ya kuwahifadhia samaki. Maji hayo ya awali ndiyo ya kusafiri nayo, na ukiweza kuchukua lita 80 au 90, yaani nusu ya yaliyomo, utakuwa umefanya vizuri. Najua wengi husema maji ya zamani hayana faida kwa kuwa bakteria wazuri hawaishi ndani ya maji, na ni kweli kwamba wengi wao wanaishi juu ya sponji, mawe na mchanga. Lakini maji hayo yana chumvi na kiwango cha pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, ambacho miili ya samaki wako imekizoea, na kwako wewe unayehamia kwenye maji ya kisima hilo ni jambo kubwa.

Baada ya hapo toa mawe huku maji yakiwa bado yamebaki kina cha kama sentimita 15, kisha ndipo uanze kuwakamata samaki. Kujaribu kumkamata Julidochromis kwa wavu wakati mawe yamo ni kumtesa yeye na wewe mwenyewe. Hao gogogo usiwakamate kwa wavu kabisa. Wana miiba kwenye pezi la mgongoni na kwenye mapezi ya ubavuni, na wakiogopa huisimamisha na kuifunga imara, ikanasa kwenye nyuzi hata ukalazimika kuukata wavu ili kumwokoa samaki. Msukumie taratibu ndani ya kopo pana la plastiki, umwinue na maji yake. Usimweke kwenye mfuko wa nailoni, kwa kuwa miiba hiyo hiyo hutoboa mfuko. Ndoo au deli vinafaa zaidi. Ukitumia deli la kuhifadhia barafu, bila barafu bila shaka, unapata faida mbili: samaki wanakuwa gizani na hivyo wanatulia, na joto halipandi upesi.

Joto ndilo jambo la kuangalia kwa hapo Dar es Salaam. Maji yanavyozidi kupata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo. Yakiwa na nyuzi 25 yanaweza kushika miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 yanabaki na kama saba na nusu, wakati huo huo samaki mwenye wasiwasi anavuta pumzi zaidi. Hama asubuhi mapema, usijaze ndoo hadi juu, acha eneo kubwa la maji linalogusana na hewa, na ndoo isikae juani hata kwa dakika chache za kutafuta funguo.

Sasa kuhusu kuosha kila kitu. Ndani ya kichujio chako kuna bakteria wanaoibadilisha amonia inayotoka kwa samaki kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa. Bakteria hao ndio mzigo wa thamani kuliko yote unayohamisha siku hiyo, baada ya samaki wenyewe. Ukiwaosha kwa maji ya bomba yenye klorini, au ukawaacha wakauke juani, utakuwa umepeleka samaki wako kwenye tangi lisilo na uwezo wa kujisafisha. Toa sponji na vile vipande vya kauri kutoka kwenye mtungi wa kichujio, uviweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi, vifunikwe na maji hayo lakini mfuniko usikazwe. Mtungi wenyewe ukiachwa umefungwa na maji yake ya zamani, oksijeni iliyomo inaisha, bakteria wanaanza kufa, na ukiuwasha baadaye unamwagia samaki uozo wote. Ile sponji ya pampu ya hewa iache iende ndani ya ndoo ya samaki. Inawasafishia maji na yenyewe inabaki hai.

Mkazi wa Ilala

Nawashukuru sana, kaka zangu. Mpango wa sentimita 10 nimeuacha leo hii. Nimebaki na maswali mawili. La kwanza, hawa samaki wa magambani ni wengi na sijui idadi yao. Wakishtuka wote wanaingia ndani ya magamba na siwaoni tena. Nitajuaje kwamba nimewatoa wote? La pili ni hilo la maji ya kisima, je, kwa kuwa samaki hawa wanapenda maji yenye chumvichumvi za madini, naweza kuyatumia moja kwa moja?

Mfugaji wa Kigoma

Usijaribu kuwatoa. Hamisha gamba pamoja na mwenye nyumba. Kule ziwani magamba hayo ni ya konokono aitwaye Neothauma, nayo hulundikana chini ya maji kwa wingi kiasi cha kufunika eneo kubwa, na samaki hawa wamezoea kulichukulia gamba kuwa ndilo kimbilio lao la mwisho. Ukilitikisa ili atoke, anazidi kujikunja ndani. Kwa hiyo zamisha kopo ndani ya tangi, liingize gamba ndani ya kopo likiwa bado chini ya maji, mdomo wa gamba ukiangalia juu, kisha uinue vyote pamoja na kuviteremsha ndani ya ndoo. Mdomo ukiangalia chini unapoliinua nje ya maji, maji yanamwagika na hewa inaingia ndani kabisa ya mzunguko wa gamba, halafu ukilirudisha majini hewa hiyo haitoki kwa urahisi na samaki anabanwa nayo.

Chukulia kwamba kila gamba lina samaki, hata ukilichungulia na kuona ni tupu. Vifaranga wake ni wadogo kuliko punje ya mchele na wanakaa ndani kabisa. Nimeona magamba yakisafishwa na kuanikwa, na baadaye kukutwa samaki waliokauka ndani, na hakuna sababu ya jambo hilo kutokea. Ukimaliza magamba, mchanga nao uuteke kwa kikombe kidogo kidogo huku ukiuangalia, kwa sababu mara nyingi magamba mengine yamefukiwa. Samaki hawa huyafukia wao wenyewe.

Unapojenga upya, mawe yatangulie kukaa juu ya kitako cha tangi, chini yake ukitandaza plastiki laini ukipenda, na mchanga ufuate kuyazunguka. Mawe yaliyowekwa juu ya mchanga yatachimbwa chini yake na kuanguka. Magamba yarudishe kwa kundi, upande ule ule yalipokuwa ukiweza, maana ukoo huu una mipaka yake na ukiivuruga watapigana kwa siku kadhaa. Kupigana huko hakuui mara nyingi, ila acha taa zimezimwa siku ya kwanza.

Mwalimu wa Kemia, Morogoro

Niruhusiwe kujibu swali la maji. Ziwa Tanganyika lina maji ya alkali, na kiwango chake cha pH ni kati ya 8.6 na 9 hivi, na samaki wako wameumbwa kwa maji ya namna hiyo. Visima virefu vya Dar es Salaam vingi vina madini mengi, na baadhi yake vina chumvi ya kawaida inayotambulika hata mdomoni. Madini ya chokaa si adui wa samaki hawa. Chumvi ya kawaida ikiwa nyingi ni jambo jingine, na mabadiliko ya ghafla ndiyo mabaya zaidi ya yote, kwa sababu mwili wa samaki hauna muda wa kurekebisha maji na chumvi zilizo ndani yake. Kwa hiyo usikisie. Chota maji ya kisima hicho wiki hii, nunua vipimo vya pH na vya ugumu wa maji, yaani wingi wa madini yaliyomo kama ya chokaa, kwenye maduka ya samaki wa mapambo, upime maji ya kisima na ya tangi lako kwa siku moja, na ulinganishe.

Kabla ya kupima, yaache maji ya kisima kwenye ndoo wazi kwa siku nzima, na pampu ya hewa ikiyapulizia. Maji yanayotoka ardhini mara nyingi yana kabonidayoksaidi nyingi na oksijeni kidogo sana, na pH yake mara tu yanapochotwa inaonekana ya chini kuliko itakavyokuwa baada ya gesi hiyo kutoka. Kwa hiyo hata siku ya kuhama, maji ya kujazia yanatakiwa yawe yamechotwa tangu jana yake. Ukiona tofauti ni kubwa, basi jazia kwa maji ya DAWASA unayotoka nayo siku ile, ukiwa umeondoa klorini kwa dawa ya sodiamu thaiosalfeti, kisha uhamie kwenye maji ya kisima polepole kwa kubadilisha sehemu ya kumi tu kila wiki.

Naomba pia nisisitize la amonia, kwa sababu kwa wafugaji wa samaki wa Tanganyika lina uzito wa pekee. Amonia ndani ya maji iko katika hali mbili, na iliyo sumu kali ni ile isiyo na chaji ya umeme. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu hiyo ya sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika asilimia 5 hivi, na kwenye pH 9 inazidi theluthi moja. Maana yake ni kwamba kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa maji ya pH 7 wangekivumilia kinaweza kuwaua samaki wako. Ndiyo maana kuutunza ule mtungi wa kichujio, kama alivyoeleza ndugu wa Kigoma, kwako wewe si jambo la hiari. Pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki ya kwanza, na mojawapo ikionekana, badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo na usiwape chakula.

Mfugaji wa Nairobi

Kwa watakaosoma mjadala huu wakiwa sehemu za baridi kama huku kwetu, au Arusha na Mbeya: chomoa hita kwenye umeme na uiache ndani ya maji kwa angalau dakika 15 kabla ya kuanza kupunguza maji. Hita iliyo na moto ikikutana na hewa hupasuka kioo chake, au huyeyusha ndoo ya plastiki ukiiweka humo. Vivyo hivyo usiiwashe huko mwisho hadi iwe imezama kabisa na imepoa kwa maji ya humo. Nyaya zote zining’inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia kwenye soketi, ili tone la maji linalofuata waya lianguke sakafuni.

Mkazi wa Ilala

Mwalimu na ndugu zangu wote, mmenisaidia mno. Nimeagiza vipimo, na mwenye nyumba mpya amekubali nipeleke stendi na ndoo za maji siku moja kabla. Limebaki moja: umeme ukikatika tukiwa tayari tumefika na samaki wako ndani ya ndoo, nifanye nini?

Mfugaji wa Kigoma

Nunua pampu ya hewa ya betri, zile wanazotumia wavuvi kuwahifadhi chambo hai, na uunganishe mpira wake kwenye ile sponji. Kama hujaipata, chota maji ya ndoo kwa kikombe na uyamwage kutoka juu kidogo, mara kadhaa kila dakika chache, kwa kuwa maji yanayoanguka huchukua hewa. Endelea kulijenga tangi wakati huo huo: mawe, mchanga, kisha sahani juu ya mchanga ili maji unayomimina yasiuchimbe. Umeme ukirudi, washa kichujio kwanza na ukiache kifanye kazi mpaka maji yatulie, ndipo uwaingize samaki, ukianza na magamba na kuwamalizia gogogo. Chakula kisubiri hadi kesho yake jioni, na kiwe kidogo.